Fimbo yenye alama

Binti yangu ameitoa fimbo dirishani. Imekaa pale miaka mingi ikizuia dirisha lisijipige kwa upepo, na hakuna aliyekuwa anaiangalia tena. Leo ameishika, akapitisha kidole kwenye alama nilizozichonga kwa kisu, akaniuliza, "Mama, hapa ulikuwa unahesabu nini?"

Nikamwambia nilikuwa nahesabu maji.

"Kwani yalikuwa yanaenda wapi?"

Ndilo swali nililomuuliza kaka asubuhi ile, tumesimama juu ya tuta, bwawa letu la samaki likiwa na siku moja tu tangu lijae. Tulikuwa tumechimba kwa majembe mwezi mzima, mita 12 kwa mita 8, kina mita 1, kingo tumezilaza kwa sababu mchanga ukiusimamisha wima unaporomoka. Tulijaza mpaka juu, nikasimika fimbo. Kesho yake saa ileile maji yalikuwa yameshuka sentimita 14.

Kaka akasema ni jua. Nikajaza ndoo, nikaiweka palepale ukingoni ipigwe na jua lilelile na upepo uleule, na ndani yake nikatia alama. Siku ya pili ndoo ilikuwa imepungua nusu sentimita. Bwawa lilikuwa limepungua 12 nyingine. Hapo ubishi ukaisha: jua lilichukua nusu sentimita, zilizobaki zote mchanga ulikuwa unazinywa. Nilipopiga hesabu ya ile siku ya kwanza peke yake nikapata kama lita 13,000. Kabla wiki ya pili haijaisha, likabaki dimbwi la kuogea ndege. Nashukuru hatukuwa tumeleta vifaranga vya samaki.

Kulikuwa na njia ya kujua mapema. Unachimba shimo la kufika kiunoni, unalijaza maji asubuhi. Jioni utakuta yamepungua, na hilo lisikutishe, kwa sababu udongo mkavu lazima unywe kwanza. Unajaza tena, unafunika kwa matawi, unakwenda kulala. Asubuhi ukikuta maji mengi bado yapo, mahali hapo panafaa. Ni kazi ya siku mbili, na sisi hatukuifanya. Mtu akija kuniuliza habari za bwawa, hilo ndilo neno langu la kwanza kwake, kabla hata hajakaa.

Kaka alitaka tupige plasta ya saruji. Mimi nilitaka karatasi nzito ya nailoni, ile wanayotandika chini na kuifukia kingo zake kwenye mfereji kuzunguka bwawa, lakini ilikuwa nje kabisa ya uwezo wetu. Tulikuwa bado tunavutana shangazi alipofika. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Alishuka mpaka katikati ya bwawa kavu, akachota mchanga, akauachia upite katikati ya vidole. Akasema saruji nyembamba juu ya ardhi inayotulia polepole namna hii itapasuka, na ufa mmoja unatosha kuwarudisha mlipoanza. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, nitafutie udongo wa mfinyanzi. Usiniletee mmoja. Niletee kila unaoudhania."

Nikamletea mitatu, kila mmoja kwenye kopo lake.

Wa kwanza ulikuwa mweusi na nilikuwa na imani nao sana, maana ulining'ang'ania miguuni mpaka nikaacha kandambili moja huko bondeni. Shangazi aliuchukua kidogo kama punje ya mahindi, akaulowesha, akauweka katikati ya meno ya mbele. Akafumba macho. Akasaga taratibu, huku mimi nimesimama mbele yake kama mtoto anayesubiri majibu ya mtihani, na katika ukimya ule nikasikia kwa masikio yangu: kr, kr, kr. Akatema. "Una mchanga." Wa pili akaurudia vilevile, ukalia kwa mbali sana, mlio wa kukisia tu. Akatema, akasukutua. Wa tatu ulikuwa wa kijivu, nimeuchimba chini ya udongo mwingine kwa kina cha mkono mzima, na kwa kuutazama haukuwa na lolote. Akauweka menoni. Akasaga. Nikainama karibu nisikie. Hakukuwa na sauti yoyote.

Hakuutema haraka. Alifumbua macho, akachukua bonge la ule wa tatu, akalikanda kwa maji kidogo kidogo, akaliviringisha viganjani mpaka likawa uzi mwembamba kuliko penseli. Akaukunja ule uzi ukawa pete. Haukupasuka hata mahali pamoja. Akaurudisha kuwa bonge, akatia kidole gumba katikati akauzungusha, kikatokea kikombe kidogo cha kuenea kiganjani. Akakijaza maji, akaniwekea mkononi. "Lala nacho."

Nililala nacho kweli, nimekiweka juu ya kigae pembeni mwa kitanda. Usiku niliamka mara mbili, nikawa nakiinua gizani na kukipapasa chini. Mara ya kwanza pakavu. Mara ya pili pana ubaridi, nikashtuka, nikapeleka kidole mdomoni kuonja kama ni maji au ni baridi ya udongo tu. Ilikuwa baridi ya udongo. Maji yalikuwa juu, yametulia, nikachovya kidole nikayakuta palepale nilipoyaacha. Sijawahi kufurahia kitu kidogo namna ile. Nilikaa kitandani nimekishika kwa mikono miwili mpaka kulipopambazuka.

Yaliyofuata yalikuwa kazi tu. Tulichimba tena sentimita 20 kwenda chini na pembeni ili udongo upate nafasi, tukasomba zaidi ya toroli 400. Tulitandaza kwa tabaka mbili, kila moja tukiilowesha kiasi cha kushikana ukiifinya bila kuchuruzika, kisha tukaikanyaga kwa miguu mitupu, sote, pamoja na watoto wa jirani, kwenda na kurudi, hasa pale kingo zinapokutana na sakafu, maana shangazi alisema maji hutafuta kona. Usiku tulifunika kwa nyasi mbichi zilizoloweshwa. Udongo ule ukikauka kabla ya kupata maji hupasuka kama kisigino, na kazi yote inakuwa bure. Siku ya kujaza tuliweka magunia pale maji yanapoangukia yasichimbe shimo, na tulijaza polepole, siku tatu.

Kaka hakuridhika. Alikuwa amesikia kwamba samadi nayo huziba, kwamba ikioza mahali pasipo na hewa hutoa utelezi unaojaza vitundu vya udongo, na wapo wanaoitandaza chini ya majani na tabaka la udongo, wakaiacha wiki mbili tatu kabla ya kutia maji. Kwa kuwa sisi tulikuwa tumeshashindilia, yeye akaimwaga samadi majini tu, kwa kiasi, kwenye kona mbili. Tukasubiri ioze, maana samadi inayooza hula hewa ya majini na samaki wangekufa. Maji yakawa kijani. Ndipo tukaleta vifaranga.

Fimbo hii inaonyesha yaliyotokea, na leo nimemwonyesha binti yangu. Nilichonga kutoka chini kwenda juu, nafasi kati ya alama mbili ikiwa ni maji yaliyoshuka kwa siku. Alama za chini zimeachana, unaweza kuweka vidole vinne katikati na nafasi ikabaki; hizo ni za mchanga. Halafu pana mkato mrefu niliouchonga siku ya udongo wa shangazi. Juu yake alama zimesogeleana: sentimita 3 kwa siku, baada ya mwezi zikawa sentimita 2, na kufikia msimu uliofuata sentimita 1, pamoja na ile inayochukuliwa na jua. Zimekaribiana mpaka mwisho kisu hakikuwa na pa kuingia, nikaacha kuhesabu.

Ila sijajua mpaka leo ni kitu gani kiliziba. Shangazi alikwenda kaburini akisema ni udongo. Kaka anasema ni samadi, kwa sababu kushuka kutoka 3 hadi 1 kulikuja baadaye, udongo ukiwa umeshafanya yake. Mimi kwa muda mrefu nilisema ni miguu yetu. Na mabwawa yenyewe huziba kadiri yanavyozeeka, kwa tope na mabaki yanayotulia chini, hata mtu asipogusa.

Nisingelisumbuka nalo, ila wiki ijayo tunakausha bwawa kuvua. Kaka anataka safari hii tukwangue lile tope jeusi lote tulipeleke bustanini, na kweli ni mbolea nzuri, na kweli limepanda mpaka limekula kina cha maji. Lakini kama ndilo linaloshika maji, tutakuwa tunang'oa kizibo kwa mikono yetu. Mwaka ule tulipokausha mara ya mwisho nilizamisha mkono: tope upana wa kiganja, laini, lenye harufu ya kuoza, kisha vidole vikagonga kitu kigumu na baridi. Nikabandua kidogo, nikakisuuza, nikakibana katikati ya meno. Hakikulia. Kwa hiyo udongo wake bado upo. Kama unatosha peke yake, hilo meno hayawezi kuniambia.

Nimemwambia kaka tukwangue nusu, upande mmoja tu, tuache mwingine. Amesema atafikiri. Binti yangu ameuliza kama fimbo irudi dirishani, nikamwambia hapana, anitafutie kisu.