Zimwi la Amboni na muuza barafu

Desemba 2019 nilikuwa Tanga, Makorora kwa dada yangu, na kwenye begi nilikuwa na mfuko mdogo wa dadu. Sio zile za ludo, ni seti ya Dungeons & Dragons, ziko 7, na baba lao ni ile ya pande 20 ambayo ndo inaamua karibu kila kitu. Gemu lenyewe ni la kusimuliana hadithi, mmoja anasimulia na wengine ndo mashujaa wake, lilitoka Marekani mwaka 1974, walilibuni Gary Gygax na Dave Arneson, mimi nililijua chuoni, na siku ya kwanza tu nilivyokaa mezani nikasema hii si ndo hadithi za bibi, ila huku msikilizaji anaruhusiwa kumkatiza bibi akasema mimi sikimbii, mimi naingia ndani.

Basi mchana ule umeme ukakatika, katuni zikazima, watoto watatu wa dada wakaanza kugombana sebuleni. Nikawaita barazani kwenye mkeka. Stori za mahandaki ya Ulaya zilizozoeleka kwenye gemu hili sikuzigusa kabisa, niliwapeleka Mapango ya Amboni manake ni hapo hapo karibu na mjini, ukishika barabara ya Mombasa, na wawili kati yao walishaenda na shule. Lile giza wanalijua, wale popo wanawajua, zile njia nyembamba za kupita kwa tumbo wanazijua, hadi ile stori ya mbwa aliyeingia mle akaja kuibukia Kilimanjaro wanaijua. Nikawaambia mbuzi wa bibi kaingia pangoni, nyinyi ndo mnatumwa kumfuata. Kila mtu akachana karatasi ya daftari akaandika jina la shujaa wake, akagawa pointi kwenye nguvu, wepesi, akili na ulimi, mwisho akaandika vitu vitatu alivyobeba.

Alafu nikasema, mko mlangoni pa pango, ndani kuna kitu kinapumua. Mnafanya nini?

Kimya. Wanaangaliana. Yule mkubwa, wa darasa la sita, akaniuliza, "Mjomba, tuchague ipi?" Nikamwambia hamna za kuchagua, sema chochote. Akasema, "Sasa tutajuaje kama tumepata?"

Hilo swali liliniuma kwakweli. Mtoto ana akili kama wembe lakini keshazoeshwa kwamba jibu lipo mahali, mtu mzima kalificha, kazi yake yeye ni kulibahatisha akawekewe vema. Na ndo maana napenda sana kuwafundisha watoto gemu hili, manake hata mimi msimulizi jibu sina, nina pango na nina zimwi, yatakayotokea yanatoka kwao.

Tukaenda hivo hivo kwa kusukumana, mmoja akawasha tochi, mwingine akarusha jiwe, mara akaingia mtoto wa jirani na deli la barafu za ubuyu. Mama yake alimtuma aziuze haraka kabla hazijayeyuka maana friji imezima. Nikazinunua zote ili akae. Akala ya kwake huku anasikiliza, alafu akasema na mimi nipe karatasi. Wenzake walikuwa wamejaza panga, upinde, kamba, bunduki moja pia ilikuwemo nikaiacha tu. Yeye kwenye vitu vitatu akaandika mihogo ya kukaanga, chumvi, kiberiti.

Tukafika ukumbi mkubwa, zimwi limekaa, mbuzi kamfunga mguuni. Mkubwa kashanyanyua dadu, anataka kukata kichwa. Muuza barafu akamshika mkono akaniuliza, "Mjomba, hili zimwi limekula leo?"

Kwenye daftari langu hilo halikuwepo. Nikasema hapana, halijala siku nyingi. Akasema, "Basi mimi nalipatia mihogo. Si wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha? Tujuane nalo kwanza."

Nikamwambia sawa, rusha, ukijumlisha na pointi zako za ulimi unahitaji 13 au zaidi. Mtoto wa kike wa dada akadakia yeye anamsaidia, anaimba ili zimwi litulie, na kanuni ipo, mwenzako akikusaidia unarusha mara mbili unachukua kubwa. Ya kwanza ikaja 4. Mkeka mzima ukanyamaza. Ya pili ikabingirika ikagonga deli, ikazunguka, ikalala 17. Yaani kelele zilizopigwa pale, jirani wa upande wa pili alitoka nje akidhani umeme umerudi.

Ila mkubwa alinuna. "Sasa mimi na panga langu nimefanya nini?" Na alikuwa na haki yake, mezani kila mtu lazima apate sehemu yake, ukimwacha mmoja mikono mitupu saa nzima huyo umeshampoteza. Nikasema zimwi linatafuna muhogo huku linawaonya, njia mliyokuja nayo imefungwa na mizizi mikubwa inatembea kama chatu, anayeweza kuikata ni mwenye panga tu. Uso ukafunguka pale pale. Akarusha, akakata, na zimwi likawa linamshikia tochi, hiyo aliiomba yeye mwenyewe, mimi sikumwambia.

Katikati ya kukata ndo mama wa muuza barafu akatokea anamwita mwanae kwa jina kamili, hela iko wapi na deli liko wapi. Nikamwamkia, nikampa hela yake, nikamwomba radhi kwa kumchelewesha kijana. Mtoto akamwambia, "Mama subiri, tumebakiza mzizi mmoja, turushie wewe una bahati." Mama akacheka, akaishika ile dadu akaigeuza geuza anasoma namba, akairusha. Ikaja 2. Watoto wakaguna wote kwa pamoja, nami nikawaambia mzizi umewakamata, sakafu imepasuka, mmeanguka wote kwenye maji na mbuzi juu, tochi imezima.

Mama akavua kandambili, akakaa mkekani pembeni ya mwanae. "Haya," akasema, "huyo zimwi anajua kuogelea?"