Nilikodi kamera ya sinema siku nne, nikaishia kununua mirolesi

Aliyenifanya niichukie kamera yangu ni baba wa bibi harusi. Tuko kwenye sendofu, ukumbi mmoja wa Dar, mzee kashika maiki na kaanza kuhadithia siku aliyompeleka binti yake darasa la kwanza. Ukumbi kimya. Kamera yangu, mirolesi (kamera ndogo ya kubadilisha lenzi, isiyo na kioo cha ndani), nilikuwa nimeiacha kwenye stendi inarekodi, nami nimeshika ya pili nazungukia meza ya wazazi kupiga picha za mnato. Niliporudi, kile kialama chekundu hakipo. Ilikuwa imejikata yenyewe ilipofika dakika ya 29 na ushei, kama kitabu chake kilivyosema, kitabu ambacho sikuwahi kukifungua. Mzee alilia dakika ya 31.

Baadaye nikaja kujua kwamba ukomo ule haukutokana na joto wala kadi kujaa. Forodha za Umoja wa Ulaya zilikuwa zikiihesabu kamera inayorekodi dakika 30 mfululizo au zaidi kuwa kamera ya vidio, na kamera ya vidio ilikuwa na ushuru wake. Watengenezaji wakaona heri wakate kabla ya hapo. Mirolesi nyingi za sasa hazina ukomo huo. Lakini wakati ule nani alitaka maelezo? Kila rafiki nilimwambia mirolesi ni ya picha za mnato, na anayepiga picha jongefu kwa pesa za watu atafute kamera ya sinema.

Miezi michache ikapita, shirika moja likanipa kazi Paje, Unguja. Walitaka filamu ya dakika saba juu ya wanawake wanaolima mwani, na picha za mnato arobaini za ripoti, mojawapo ikiwa ya bango la ukutani lenye upana wa mita mbili. Mtu mmoja, vyote viwili, na malipo ya mtu mmoja. Nikakodi Sony FX6 kwa siku nne, nikaitia mirolesi yangu ya zamani begini kwa ajili ya picha za mnato, nikapanda boti.

FX6 ilitoka mwishoni mwa 2020 kwa dola 5,998, hiyo ni bila lenzi. Ina sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ya fremu kamili, feni ya kuipoza, matundu mawili ya XLR (ya kuchomekea maiki za kitaalamu) kwenye mwili wenyewe, na ND (kichujio cha kupunguza mwanga) ya kielektroniki ndani yake. Hiyo ND ya mwisho nilikuwa nimeisoma tu kwenye karatasi. Thamani yake niliijua Paje.

Wakulima wa mwani hawachagui saa. Wanaingia maji yakishakupwa, na yanakupwa sana wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Upande huu wa pwani, bamvua likiwa kali, maji hufika chini kabisa karibu na saa nne asubuhi, na kila siku yanachelewa kwa karibu saa moja kasoro. Kwa hiyo siku ya kwanza unapiga saa nne, siku ya pili saa tano kasoro, na siku ya nne uko katikati ya jua la utosi, mchanga mweupe chini, maji ya magotini yanayong'aa kama bati jipya. Yale mafunzo ya mtandaoni ya kupiga saa ya dhahabu, jua likitua, hayana kazi hapa. Jua likitua shamba liko chini ya maji.

Hesabu yake ni hii. Nchini kwetu umeme ni wa hezi 50, kwa hiyo napiga fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 (kila fremu inapokea mwanga kwa sehemu ya hamsini ya sekunde), ili taa zisipepese nikiingia ndani na mwendo wa mikono uonekane wa kawaida. S-Log3, namna ya kurekodi picha iliyopauka ili rangi zisahihishwe baadaye, kwenye FX6 inaanzia ISO 800 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Kwa jua la Paje la saa tano, ISO 800 na shata ya 1/50 zinataka tundu la lenzi lifungwe hadi f/64 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Lenzi zangu zinakomea f/22. Lazima upunguze mwanga kabla haujafika kwenye sensa, na hiyo ndiyo kazi ya ND. Ya FX6 inakwenda kutoka robo ya mwanga hadi 1/128, yaani stopu saba (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu), na stopu saba zinakutoa f/64 hadi f/5.6. Unazungusha kigurudumu kwa kidole, mwanga unashuka taratibu, hakuna anayeona.

Siku ya kwanza nilikuwa mfalme. Bibi mmoja alitoka majini na kiroba chake kichwani, akapita kwenye mchanga mkali, akaingia kivulini kwenye banda la makuti, nami namfuata nyuma huku nikifungua ND kidogo kidogo. Pande hilo la vidio halina mahali mwanga ulipogutuka. Mhariri ninayefanya naye kazi alipoliona alisema, "Kaka, hii umepigia ile kubwa." Picha yenyewe haikumshtua. Alijua kwa sababu hakuona mkono wangu ukihangaika.

Sauti nayo ilikuwa raha. Ni Julai, kusi inavuma, lakini maiki ndefu yenye manyoya imechomekwa kwenye XLR na vitufe vya kupandisha na kushusha sauti viko palepale pembeni. Sikulazimika kuingia kwenye menyu hata mara moja.

Shida ilianza siku ya pili, na ilianza na picha za mnato.

Akina mama wawili walikuwa wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, vidole vinakwenda mbio, matone yanaruka. Picha ya bango ni hii, nikajiambia. Nimeshika FX6 mikono yote miwili, mirolesi iko shingoni imeninyonga. Hadi niiweke kubwa begani na kuifungua ndogo, wameshainuka. Nikajipa moyo kwamba nitatoa fremu kwenye vidio. Usiku, nyumba ya wageni, nikafungua kompyuta: pande zuri, mwanga mzuri, nikasimamisha. Vidole vyote ukungu. Ni haki yake, maana shata ya 1/50 ndiyo inayofanya mwendo uonekane laini, na laini hiyohiyo ukiisimamisha ni ukungu. Picha ya mnato ya vidole vile inataka 1/1000 hivi. Hata kama ingekuwa kali, fremu ya 4K ni pikseli 3,840 kwa 2,160, megapikseli nane na kidogo. Itandaze mita mbili uone. FX6 haikutengenezwa kwa picha za mnato na haijifanyi.

Siku ya tatu nikajaribu kubeba vyote kwa zamu, nusu saa hiki, nusu saa kile. Nikakosa kote kote. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna jedwali la kulinganisha kamera linaloliandika: wakiona ile kubwa, na mpini wake na manyoya ya maiki, wanavuta kanga vizuri, wanasimama wima, wananyamaza. Nikishika ndogo wanaendelea kusengenyana.

Kwa hiyo siku ya nne FX6 niliisimamisha bandani, kwenye stendi, kwa ajili ya mahojiano, nami nikaingia majini na ile mirolesi niliyokuwa nimeilaani. Nikaishusha mpaka inakaribia kugusa maji. Kiimarishi kilichomo ndani ya mwili wake kilituliza mkono wangu, kitu ambacho FX6 haina. Niliona mambo ambayo siku tatu sikuyaona: mchanga unavyofuka vijiti vikipigiliwa, samaki wadogo wanavyojificha chini ya kamba.

Ila ND ilinitesa. Nilikuwa na ile filta ya kuzungusha, vioo viwili vya kupolaraizi (vya kuchuja mng'ao) vilivyopandana. Bei yake ndogo, na mjini ilinitosha. Baharini ni balaa. Ukiizungusha ili upunguze mwanga, mng'ao wa maji nao unabadilika: mara bahari ni kioo cheupe, mara ghafla unaona mwani chini kama uko ndani ya tangi la samaki. Pande moja halifanani na lililofuata. Ukiweka lenzi pana na kuzungusha hadi mwisho, msalaba mweusi unajitokeza katikati ya anga. Nimesimama naisafisha chumvi kwa ncha ya fulana, bibi yule wa kiroba akanipita.

"Mwanangu, maji yaja hayo, weye bado wafuta kioo?"

"Naja, bibi, namaliza."

"Utamaliza na papa."

Nyumbani nikagundua tatizo la pili. Kamera ile ilirekodi biti 8, ngazi 256 kwa kila rangi, na mimi kwa ujeuri nilikuwa nimepiga Log. Nilipoanza kusahihisha rangi, anga la Paje likakatika mistari mistari kama ngazi. Ya FX6, biti 10, ngazi 1,024, ilinyooka bila kelele. Inakula kadi lakini: megabiti 250 kwa sekunde ni zaidi ya GB 110 kwa saa moja.

Kazi niliikabidhi. Picha ya bango ilitoka kwenye mirolesi, mahojiano yote kwenye FX6, na majini ni mchanganyiko ambao mhariri aliupatanisha kwa jasho.

Ndipo nikakaa na karatasi. Swali nililokuwa nalo tangu sendofu, ipi bora kwa vidio, nilikuwa nimeshalijibu: kwa vidio peke yake, ukiwa na msaidizi, chukua ya sinema, na sijabadilisha mawazo. Swali langu halisi lilikuwa jingine. Mimi ni mmoja, na mteja wangu anataka bango.

Canon C70, kamera nyingine ya sinema, niliipenda kwenye karatasi, ina ND ya hadi stopu 10, lakini lenzi zangu ni za Sony na kuziuza zote ni kuanza maisha upya. Sony FX3, ya sinema pia ila ndogo, ilinitamanisha mno. Sensa yake ni ndugu wa ile ya A7S III, mirolesi ya Sony, ina feni, inachukua XLR kupitia mpini. Kilichoniondoa ni vitu viwili vidogo. Kwanza, haina kidirisha cha kuchungulia kwa jicho, na saa tano Paje kioo cha nyuma ni kioo cha kujitazamia uso wako. Pili, ina megapikseli 12, sawa na A7S III. Pikseli 4,240 upande mrefu zinatosha albamu ya harusi vizuri kabisa; kwenye bango, ukishakata kidogo pembeni, zinaisha. ND ya ndani pia haina, kwa hiyo kile nilichokipenda zaidi kwenye kamera ya sinema nisingekipata hata nikiilipia kamera yenye jina la sinema.

Joto nalo nilikuwa naliogopa. Canon R5, mirolesi, ilipotoka 2020, kampuni yenyewe ilitaja dakika 20 tu za 8K (vidio yenye pikseli mara nne ya 4K), tena kwenye nyuzijoto 23. Nyuzijoto 23 kwetu ni ndani ya friji ya duka. Nikaamua nisiguse 8K wala fremu nyingi kwa sekunde bila sababu.

Nikanunua Sony A7 IV iliyotumika, mirolesi. Ina megapikseli 33, pikseli 7,008 upande mrefu, na 4K ya biti 10, haina ule ukomo wa dakika 29, na ina kidirisha cha kuchungulia. Chini ya kigurudumu chake kuna pete ya kuchagua picha ya mnato au vidio, na kila upande unakumbuka mpangilio wake: huku 1/1000, kule 1/50 na S-Log3. Unageuza pete, unapiga, unarudi. Kasoro zake nazijua. Ukiigeuza haraka, nguzo zinalala kama zimelewa, kwa sababu sensa inasomwa taratibu. Fremu 50 kwa sekunde kwenye 4K inakata pembeni mwa picha, kama umeisogeza mara moja na nusu. Usiku wa giza A7S III ingeicheka.

Filta ya kuzungusha nimeigawa. Nina mbili za kudumu, zinazoshikamana kwa sumaku: ya stopu tatu na ya stopu sita. S-Log3 ya A7 IV nayo inaanzia ISO 800, kwa hiyo hesabu ni ileile: jua kali, sita peke yake inanipa f/8, zote mbili pamoja zinanipa f/2.8. Nikitaka picha ya mnato nazing'oa kwa mkupuo mmoja na kuzitia mfukoni. Kwa sauti natumia maiki isiyo na waya ambayo kisambazaji chake kinajirekodia chenyewe, ili mawasiliano yakikatika nisipoteze maneno.

FX6 bado naikodi kukiwa na mahojiano ya kutwa nzima au nikiwa na kijana wa kunishikia, na siku hizo naziandika kwenye bei ya mteja kama mstari wake. Kadi na lenzi ni zilezile, hivyo haininyimi usingizi. Inanipa taabu moja tu: kila nikirudi kwenye A7 IV, mtu akitoka juani kuingia kivulini, kidole cha mkono wa kushoto kinapapasa ubavuni mwa kamera kutafuta kigurudumu cha ND.