Nilivyozuia mbolea ya DAP isizame kwenye mchanga wa Mkuranga

DAP ni mbolea yenye nitrojeni na fosforasi, na tumezoea kuambiwa fosforasi haitembei udongoni. Kwenye udongo mwekundu ni kweli, maana chuma na alumini iliyomo huishika. Mchanga mweupe hauna cha kuishikia. Mvua kubwa ikinyesha siku chache baada ya kuweka mbolea, sehemu ya fosforasi inapita chini ya mizizi, na ikifika bwawani mwani unashamiri.

Kabla ya yote nakamulia ndimu kwenye konzi ya mchanga mkavu. Ukitoa povu una chokaa ya matumbawe. Hapo fosforasi inafungwa na chokaa, haizami, na tiba yake ni nyingine. Wangu hautoi povu.

Tuta langu ni mita 1 kwa 10. Nalichanganyia madebe 4 ya udongo mwekundu, umekauka, umepondwa na kuchekechwa, hadi kina cha sentimita 15. Ukiuweka mbichi unabaki mabonge na maji yanapita pembeni yake. Ukizidisha, tuta linafanya gamba juu, mbegu za mchicha zinashindwa kutoboa.

Kwa nyanya na hoho naweka DAP gramu 150 kwa tuta, ambazo ndani yake fosforasi ni kama gramu 30 tu. Siziweki kwa mkupuo: vizibo 10 vya soda (kimoja hubeba kama gramu 5) wakati wa kupanda, 10 baada ya wiki tatu, 10 wiki ya sita. Nafukia kwenye kifereji, vidole vitatu kutoka shinani. DAP ikigusa mzizi mwororo, amonia inayotoka humo inauunguza. Masika ikiwa imekolea nasubiri, hata ratiba ikipita.

Panapoharibika zaidi ni samadi ya kuku. Debe moja likiwa kavu linaweza kuwa na fosforasi gramu 100, mara tatu ya DAP yote ya msimu, na bado watu wanaongeza DAP juu yake! Nikiweka debe la kuku, DAP naiacha kabisa; nitrojeni nikiihitaji natumia urea kidogo kidogo.

Maji nayo: keni 3 za lita 10 asubuhi, 3 jioni. Ukimwaga zote sita kwa pamoja, mchanga hauna pa kuyaweka, yanashuka na mbolea. Chimba sentimita 40 saa moja baada ya kumwagilia. Ukikuta huko chini kumelowa upya, punguza keni moja.