Vikombe vya kuliwa

Jamani, joto la leo hapa Mwanga, Kigoma!

Dada alinitumia kutoka Dar kalibu ya silikoni ya vikombe vidogo vinne. Jana usiku nikamimina juisi nzito ya ukwaju, nikaiweka friza. Umeme haukukatika, alhamdulillahi.

Mchana vikagoma kutoka. Nikachovya kalibu kwenye maji ya uvuguvugu, sekunde chache tu, nikasukuma kwa chini.
Pwa! Kikombe kizima.

Nikamtilia mama tangawizi baridi. Akakishika kwa ncha ya kanga, maana kilimng'ata vidole. Alipomaliza kunywa akaanza kukitafuna chenyewe, kru, kru, macho kafumba, anacheka.

Sijamwona akicheka hivyo tangu baba atutoke.

Ndugu zangu wa Ujiji na Kibirizi, wiki ijayo nigandishe nini, embe au ubuyu?