Kuelea kwa Tyubu Katika Mto wa Chemchemi

Sisi tuliolelewa Mombasa tunazijua vyema tyubu nyeusi zinazokodishwa ufuoni Pirates, ambazo mtu hukumbatia kwa mikono miwili huku jicho lake likiwa kwenye wimbi lijalo na watu wake wakimpigia kelele asiende mbali. Katika Mto Ichetucknee, kaskazini mwa jimbo la Florida nchini Marekani, tyubu ni ileile ila shughuli ni nyingine kabisa: unakaa katikati yake, unainua miguu, na mkondo unakuchukua polepole bila wewe kupiga kasia wala kuogopa bamvua.

Mto huo huzaliwa na chemchemi kadhaa. Mvua hunywea ardhini, hupenya kwenye miamba ya chokaa, kisha maji hububujika yakiwa yamechujika na yenye joto la takriban nyuzi 22, kiangazi na kipupwe. Kwa mtu wa Pwani hiyo ni baridi ya kumfanya ataje jina la Mola kwa sauti anapoketi. Mwili ukishazoea, unainama na kuona kivuli cha tyubu yako kikipita juu ya mchanga mweupe, kikivunjika kwenye nyasi ndefu za chini ya maji ambazo zote zimelala upande mmoja, na juu ya gogo lililoanguka kasa wa mtoni wamejipanga wakiota jua.

Nyasi hizo zina historia yake. Eneo hilo lilifanywa hifadhi ya jimbo mwaka 1970, na umati wa waeleaji ukazikanyaga hadi sehemu nyingine zikabaki tupu, ndipo ikawekwa idadi ya watu wanaoruhusiwa kwa siku na vyombo vya kutumia na kutupa vikapigwa marufuku mtoni. Wapo wanaolalamika kwamba ni ukali kupita kiasi. Mimi, niliyewahi kuelea baharini ubavuni mwa mfuko wa plastiki, sina malalamiko.

Shangazi yangu wa Kisauni aliniuliza ilikuwaje nikavuka bahari kwenda kutafuta maji ya chemchemi ilhali mfereji wake unayatoa nyumbani, siku yanapotoka. Hakukosea, kwani sehemu ya maji ya Mombasa huletwa kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, ambako mvua iliyonyea vilima vya Chyulu hupenya kwenye miamba ya volkano na kuibukia bondeni ikiwa safi.

“Basi si ungeelea huko huko, mwanangu?”

“Huko wanaoelea ni viboko, Shangazi, na mamba wamewazunguka.”

Huko Mzima, mgeni hutembea kando ya maji, kisha hushuka kwenye chumba kidogo chenye madirisha chini ya uso wa maji na kuwatazama samaki wakipita. Nimemuahidi kumpeleka likizo ya Agosti, goti lake likimruhusu kushuka ngazi.