Kuosha gari nyumbani bila kumwaga povu mtaroni

Povu linalotoka chini ya geti Jumamosi asubuhi na kuingia mtaro wa barabarani haliendi kwenye mabwawa ya majitaka. Dar es Salaam, mtaro wa mvua na bomba la majitaka ni vitu viwili tofauti, na kinachoingia mtaroni hakichujwi popote. Kinateremka hadi Mlalakua au Msimbazi, kisha Bahari ya Hindi. Kabla Msimbazi haujafika baharini, bondeni kuna bustani za mboga zinazomwagiliwa maji hayohayo. Kwa hiyo nilipopanga kuoshea gari nyumbani, sikuanza na sabuni. Nilianza na kujua maji yataishia wapi.

Sabuni ndiyo hulaumiwa kwa sababu povu linaonekana. Ina madhara kweli: huondoa ute unaolinda matamvua ya samaki, na yenye fosfeti hulisha mwani. Lakini maji ya kuoshea gari yana pia vumbi la brekipedi lenye shaba, zinki inayotoka kwenye tairi, oili, na grisi ya chini ya gari. Na hapa ndipo wengi hukosea. Oili peke yake huelea, unaweza kuitega. Ukishaisugua kwa sabuni, hukatika matone madogo mno ambayo hayaelei wala hayazami, na hakuna chemba ya nyumbani (kishimo cha kutegea mchanga na mafuta) itakayoyakamata. Ndiyo maana kazi yangu kubwa hufanyika gari likiwa kavu, kabla ya tone la maji kuligusa.

Natandika gunia la plastiki chini ya kila madigadi, napiga tope lililokauka kwa brashi ngumu, nalikunja na kulitupa pamoja na takataka. Sifagilii tope hilo bustanini, maana lina grisi. Kisha naangalia sakafu chini ya injini na gia boksi. Penye tone la oili namwaga maranda au mchanga mkavu, naacha saa mbili, nasugua kwa kisigino cha kandambili mpaka yalowe vizuri, nafagia. Doa likibaki narudia. Kishawishi cha kulimalizia kwa sabuni ya unga ni kikubwa, lakini hapo utakuwa umelisafirisha tu.

Rimu zina ndoo yake, lita 5, bila sabuni, na kitambaa cha zamani. Maji yale hutoka meusi kama chai ya rangi iliyochacha. Hayamwagwi siku hiyo: yanakaa usiku kucha ndani ya ndoo iliyofunikwa, unga mweusi unatulia chini, asubuhi namimina maji ya juu taratibu kwenye kitalu cha kunyonya maji, nitakachokieleza hapa chini, na ule unga naufuta kwa gazeti na kuutupa.

Kuosha bodi kunachukua lita 40, si zaidi. Ndoo ya kwanza ina lita 15 za maji na mililita 30 za shampuu ya gari, yaani vijiko viwili vya chakula. Ya pili ina lita 15 za maji matupu ya kusuuzia sponji. Lita 10 zilizobaki ziko kwenye keni ya kumwagilia maua, kwa ajili ya kusuuza gari. Mpira ulioachwa wazi haufanani na hesabu hii hata kidogo. Wangu hujaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 80, kwa hiyo dakika 20 ni lita 300. Kitalu chochote kitazidiwa, na kinachozidi kinatafuta geti.

Naanza na paa, vioo, boneti, milango, na mwisho sehemu za chini na bampa. Naosha upande mmoja na kuusuuza kabla ya kuhamia mwingine, kabla ya saa 2 asubuhi, maana jua likikausha povu kwenye rangi utatumia maji mara mbili kuliondoa. Sabuni ya unga ya kufulia siitumii: ni kali, inavua nta ya rangi, na watu huipima kwa kiganja. Kipimo cha kujua umezidisha ni rahisi. Povu likiwa bado limesimama sakafuni baada ya dakika 10, punguza nusu. Na maandishi ya chupa kwamba sabuni huoza yenyewe yasikulaghai. Inaozwa na bakteria, nao wanahitaji siku kadhaa na hewa. Kwenye udongo wanavipata. Mtaroni sabuni inafika mtoni hawajaanza kazi.

Sasa maji yanakoelekea. Sakafu yangu ya kuoshea ina mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea ndani ya kiwanja badala ya getini (mafundi wengi huinamisha getini bila kuulizwa, kwa hiyo sema mapema). Mwishoni kuna chemba ndogo ya sentimita 40 kwa 40, kina 50. Bomba la kutokea ni la inchi 2, na ndani ya chemba limefungwa elbo inayotazama chini, mdomo wake ukiwa sentimita 15 chini ya uso wa maji. Mchanga unatulia chini, utando wa mafuta machache yaliyoponyoka unabaki juu, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka. Chemba hiyo ina maji muda wote, kwa hiyo mfuniko wa zege lazima ukae sawasawa na tundu la kuingilia liwe na wavu. Vinginevyo umejenga nyumba ya mbu.

Kutoka chemba maji yanaingia kitalu cha mita 3 kwa mita 1. Nimechimba sentimita 53. Chini ni kokoto sentimita 15, juu yake sentimita 30 za mchanganyiko wa mchanga sehemu tatu, udongo mweusi sehemu moja na mboji sehemu moja. Sentimita 8 za juu ni nafasi tupu, ambayo peke yake hubeba lita 240. Kati ya kokoto na udongo nimetandaza gunia la katani ili udongo usizame kwenye kokoto kabla haujashikamana. Nimepanda nyasi za vetiva katikati na ukoka pembeni. Mchicha, matembele au majani ya maboga usipande humo hata kama yatastawi, na yatastawi kweli.

Kabla ya kuchimba, pima udongo. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywewe yote, lijaze tena na uangalie saa. Maji yakishuka pungufu ya sentimita 2 na nusu kwa saa nzima, huo ni mfinyanzi na kitalu kitageuka dimbwi. Yakiisha ndani ya dakika chache, kama kwenye mchanga wa sehemu nyingi za pwani, watu hufurahi, nami huwa na wasiwasi zaidi. Maji yanayopita upesi hivyo hayasafishwi na chochote, yanaongozana na sabuni yake hadi kwenye maji ya ardhini. Ndiyo kazi ya mboji na udongo mweusi: kuyachelewesha. Kama kuna kisima, chako au cha jirani, kaa mbali nacho mita 30. Na ukichimba mita moja tu ukakuta maji, kama inavyotokea maeneo ya bondeni wakati wa masika, acha mpango huu.

Kuelekeza maji haya kwenye shimo la choo nako kunaonekana kama suluhisho la haraka. Mchanga unajaza septiki kabla ya wakati, na mafuta yanavuka hadi shimo la kunywea, lile linalopeleka maji ardhini, na kuziba kuta zake. Gharama ya gari la kunyonya utaijua mwaka unaofuata.

Matatizo ya kitalu yako matatu. La kwanza ni utando: tope laini na sabuni hufanya ganda la kijivu juu ya udongo, maji yanaanza kukaa kwa saa kadhaa. Nakwangua sentimita 3 za juu kila baada ya miezi sita na kurudishia mchanganyiko mpya. La pili ni mvua. Sakafu ya mita za mraba 18 ikipigwa na mvua ya milimita 50 inamwaga lita 900, na chemba ikifurika inatapika mafuta yote iliyoyatega. Kuanzia Machi hadi Mei mdomo wa chemba unazibwa kwa mfuko wa mchanga, na gari linapanguswa vumbi tu kwa kitambaa chenye unyevu. Sakafu yenyewe hufagiwa kila siku msimu huo, kwani mvua itaosha kilichopo, utake usitake.

La tatu ni msaidizi. Ukimkabidhi kijana chupa nzima ya shampuu ataimimina kwa jicho. Mimi namwachia chupa ndogo ya maji ya kunywa yenye mililita 30 tayari ndani yake, na mpira naukunja stoo.

Injini na chini ya gari sivigusi nyumbani kabisa. Ule mtindo wa kupuliza dizeli au mafuta ya taa halafu kupiga presha unakupa mchanganyiko ambao kitalu changu hakiwezi kuumudu. Vitu hivyo naenda kuoshea kwenye sehemu yenye chemba ya kutega mafuta, na sitosheki na kuambiwa kwamba ipo. Naomba wafunue. Chemba inayofanya kazi ina tabaka jeusi zito juu kwenye chumba cha kwanza, na chumba cha mwisho kina maji ya kijivu yasiyo na rangi za upinde juu yake. Vyumba vyote vikifanana, haijazolewa siku nyingi. Angalia pia ilipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu mazingira hayo, na waosha magari wengi wako kando ya mto kwa sababu ndipo maji yalipo.

Utando wa chemba yangu ya nyumbani naunyonya mara moja kwa mwezi kwa fulana ya zamani niliyoikamua kidogo, naigusisha juu ya maji bila kuizamisha. Ikishakuwa nyeusi inaingia kwenye kopo lenye kifuniko, pamoja na maranda ya oili, na kopo likijaa nalipeleka kwa fundi anayekusanya oili chafu.