Moshi wa bibi wa ghorofa ya tatu

Mwaka wangu wa kwanza hapa Winnipeg nilipanga jengo moja na bibi wa Kianishinaabe, taifa mojawapo la watu wa asili wa Kanada. Siku moja king'ora cha moshi kikalia, tukatoka wote nje kwenye baridi ya kukata masikio. Kumbe bibi alikuwa amefukiza majani yake makavu kwenye kombe la baharini, anaomba. Mimi niliyelelewa nyumba ya chetezo na ubani nilielewa palepale. Mwenye nyumba wapi! Akampa barua ya onyo, na wajukuu wanaokuja kulala wakahesabiwa wapangaji wa ziada.

Juzi nimemtembelea anakoishi sasa, nyumba za kodi nafuu zinazosimamiwa na watu wa asili wenyewe. Chini kuna chumba cha kufukizia chenye feni ya kuvuta moshi nje, na jiko la kupikia ukoo mzima. Feni ile alinionyesha kwa fahari kuliko sebule yake. Wala si wazo jipya: Kinew Housing, shirika la nyumba za watu wa asili la mji huuhuu, lilianza 1970, la kwanza la aina yake mijini Kanada. Ila foleni jamani! Bibi alingoja miaka minne.

Wajukuu watatu walikuwa wamejilaza sebuleni. Hakuna aliyewahesabu.